Bweni la wanafunzi 40, mafua yanazunguka kila baridi ikiingia: nianze na nini?

MatroniNyanda
Wakuu, habari za majukumu. Bweni letu liko Makete, Njombe, kwenye baridi: mita 10 kwa 6, dari mita 3, vitanda vya dabodeka 20, wanafunzi 40. Kuanzia Juni madirisha yanafungwa saa mbili usiku hadi alfajiri. Mmoja akianza kukohoa, wiki haiishi nusu ya bweni wako hoi. Tunapiga deki kwa dawa kila siku, wapi. Pangaboi lipo moja, liwashwe usiku?

Fundi_Hewa
Matroni, hangaika na hewa kabla ya sakafu. Mgonjwa hata akipumua tu usingizini anatoa vitone vidogo sana vinavyoelea, na chumba kikifungwa vinalimbikizana usiku kucha.

Piga hesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 kwa majengo kama shule ni lita 10 za hewa ya nje kwa kila mtu kwa sekunde. Watu 40 ni lita 400, yaani mita za ujazo 1,440 kwa saa. Bweni lako lina 180. Kwa hiyo hewa yote ibadilike mara 8 kila saa. Madirisha yakiwa yamefungwa huenda isifike hata mara 1.

Pangaboi peke yake halileti hewa mpya, linachanganya iliyomo. Guangzhou, China, Januari 2020, watu 10 wa familia tatu waliokaa meza jirani mgahawani waliugua UVIKO-19. Kiyoyozi kilikuwa kinazungusha hewa ileile.

Fungua vidirisha vya juu, sentimita 10 hadi 15, kuta zote mbili zinazotazamana. Upande mmoja tu haitoshi. Na baridi hapo inakusaidia: hewa ya moto ya miili hupanda na kutoka kwa nguvu zaidi nje kukiwa na baridi, kwa hiyo upenyo mdogo unafanya kazi kubwa.

Dkt_wa_Mashuleni
Naongezea kipimo. Tafuteni kifaa cha kupima kabonidayoksaidi, gesi tunayoitoa tukipumua, kinachotumia mwanga wa infraredi. Vile vya bei ya kutupwa hukisia tu, na hudanganywa na spiriti au manukato. Kiwekeni mita moja au zaidi kutoka kitanda chochote, msome saa kumi usiku. Nje ni takriban 420 (sehemu kwa milioni, ppm). Chini ya 1,000 mko vizuri. Ikifika 2,400, takriban pumzi moja kati ya 20 imeshatoka kwenye mapafu ya mwingine.

Vitanda: umbali wa mita moja nafasi ikiruhusu, na walalao jirani wapishane kichwa na miguu. Anayeugua atoke bwenini siku hiyohiyo, arudi saa 24 baada ya homa kuisha bila dawa. Hata hivyo mafua makali huanza kuambukiza siku moja kabla ya dalili, ndiyo maana kumtenga mgonjwa pekee hakutoshi. Deki si bure, ila nguvu zaidi ziende kwenye sabuni ya mikono na vitasa.

MatroniNyanda
Asanteni sana. Watoto wakilalamika baridi, jiko la mkaa dakika chache kabla ya kulala?

Dkt_wa_Mashuleni
Hapana, hata dakika moja. Monoksidi ya kaboni, gesi inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu na inaua waliolala. Ongezeni blanketi la pili.

Fundi_Hewa
Na wavu wa mbu usafishwe kwa brashi kila mwezi. Vumbi likiziba matundu, dirisha linaonekana wazi lakini hewa haipiti.