Nachoma dhahabu ya zebaki nyumbani, mikono imeanza kutetemeka

Wakuu habari za jioni. Mimi niko machimbo ya Nyarugusu huku Geita, mwaka wa sita sasa niko kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe) na mialo (pa kuoshea mchanga wa dhahabu), nakamatisha mwenyewe, yaani nachanganya na zebaki ishike dhahabu, na kuchoma nachoma mwenyewe. Nachomea nyumbani kwenye jiko la mkaa maana kule kazini macho ya watu ni mengi, ukionekana na kadonge ka dhahabu na zebaki usiku hulali. Sasa kama miezi 3 hivi mikono inatetemeka, chai inamwagika, nasahau sahau, fizi zinauma, na wife anasema nimekuwa na hasira za ajabu. Yeye ana mimba ya miezi 5 na mara nyingi yuko hapo hapo anapika. Mzee mmoja kaniambia ninywe maziwa kila nikimaliza kuchoma. Ni kweli? Mbona zebaki naishika kwa mkono miaka yote na ngozi haijawahi hata kuwasha?

mtoto_wa_duara: Maziwa yanasaidia sana mkuu, mie niko huku toka 2009 nagonga nusu lita nalala. Huo ni uchovu, punguza gongo 😂

dada_wa_maabara: Jamani tusimpoteze mwenzetu. Kaka, kinachokumaliza zaidi ni mvuke wake, na haunusi wala mara nyingi huuoni. Mvuke unaingia kwa mapafu unaenda kwenye damu mpaka ubongo na figo, maziwa yanaenda tumboni, sasa hivyo viwili vinakutana wapi? Kutetemeka, kusahau, fizi, hasira, hizo ndo dalili zake kabisa. Na inavuka kondo la nyuma inamfikia mtoto, kwa hiyo shemeji aondoke hapo leo, sio kesho. Nendeni hospitali ya mkoa wote wawili, na umwambie daktari wazi kabisa kwamba unachoma zebaki, usione aibu, ukisema tu "natetemeka" utapimwa malaria urudi nyumbani. Omba kipimo cha mkojo na figo.

mzee_wa_plenti: Naongezea. Tafuta ritoti, fundi wa kuchomelea anaitengeneza, ni chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba linalopita kwenye maji ya baridi, zebaki inarudi unaitumia tena. Angalizo, mdomo wa bomba usizame ndani ya maji, chungu kikipoa kinavuta maji na kinaweza kulipuka. Na marudio (mchanga unaobaki baada ya kuosha) yenye zebaki msituletee huku plenti kwenye sianidi, ile kemikali ya kutolea dhahabu, sianidi inaiyeyusha zebaki halafu inasafiri na maji, ikifika kwenye tope bakteria wanaigeuza inaingia kwa samaki. Zebaki ya aina hiyo ndo iliyowakuta Wajapani wa Minamata, kiwanda kiliimwaga kwenye ghuba ikaingia kwa samaki, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956, mama mzima hana dalili anajifungua mtoto ameathirika ubongo.

(muuliza swali): Asanteni, wife nimempeleka kwa dada yake Katoro, Jumatatu tunaenda hospitali. Na pale nilipokuwa nachomea nifanyeje? Kuku wanadonoa hapo hapo.

dada_wa_maabara: Kuku wafungie. Usifagie, utapeperusha vumbi lenye zebaki. Nyunyiza maji, chota udongo wa juu weka kwenye ndoo yenye mfuniko, muulize afisa afya upelekwe wapi. Na sufuria iliyokaa karibu na lile jiko msipikie tena.

mtoto_wa_duara: Hicho kipimo cha mkojo bei gani?