Montessori, Waldorf au chekechea ya mtaani: binti wa miaka mitatu aanzie wapi?

MamaNuru_Tabata
Habari zenu wazazi wenzangu. Binti yangu anatimiza miaka mitatu Desemba, na Januari nataka aanze shule. Ni mtoto wa kushika kila kitu: nikiosha vyombo anataka kuosha, dada akipepeta mchele naye anadai ungo wake. Sitaki akalishwe kwenye dawati aimbe A mpaka Z hadi mchana.

Nimepata sehemu tatu. Ya kwanza imeandika Montessori getini, yaani mtoto anajifunza kwa kushika vifaa mwenyewe, ada milioni moja na laki nane kwa mwaka. Ya pili inafuata Waldorf, mfumo wa hadithi na michezo, iko mbali na ada imezidi kidogo. Ya tatu ni chekechea ya mchepuo wa Kiingereza hapa hapa mtaani, nusu ya bei ya ile ya kwanza. Majirani wanaisifu kwa kuwa watoto wao wana miaka minne na tayari wanaandika majina yao. Baba yake anaielemea hiyo. Mliopitia haya, mliamuaje?

MwalimuWaAwali
Mama Nuru, mimi ni mwalimu wa Montessori kwa kusomea. Neno langu la kwanza: usiliamini bango. Jina hilo hakuna anayelimiliki, kila mtu anaweza kulipaka getini kwake. Omba ukae darasani asubuhi nzima. Watoto wa miaka mitatu hadi sita wako chumba kimoja? Rafu ziko kimo cha mtoto, na kila mmoja anajichukulia kifaa na kukirudisha mwenyewe? Wanapata kama saa tatu za kufanya kazi bila kukatizwa na kengele? Nimewahi kuingia darasa ambalo mnara wa pinki, zile bloku za Montessori za kupanga kwa ukubwa, ulikuwa juu ya kabati, unashushwa wageni wakija.

Vifaa vina sababu zake. Chukua vile vipande vya mti vya mviringo, kila kimoja na tundu lake. Mtoto akikosea, cha mwisho hakiingii, na hapo mwalimu hahitaji kusema kitu. Anavitoa, anaanza tena. Huo uvumilivu wa kurudia ndio ninaoujali kuliko jina lililoandikwa daftarini.

Uliza pia walimu walisomea wapi. Vyuo vya Montessori tunavyo humu humu nchini, Msimbazi na Lushoto vikiwemo.

BabaWawili
Sisi mkubwa wetu alipita Waldorf, na ningempeleka tena. Ila ujue hizi mbili zinatofautiana sana, ingawa watu huziweka kapu moja. Montessori mtoto anakata karoti ya kweli kwa kisu cha kweli, na herufi anaanza kuzigusa mapema. Waldorf kuna hadithi, midoli ya vitambaa, kukanda mkate, kucheza nje. Kusoma na kuandika kunasubiri mpaka karibu miaka saba.

Kwetu shida ilikuja tulipohama. Shule mpya ilimfanyia usaili wa darasa la kwanza, wakampa penseli na karatasi ya maswali, akawachorea mti mzuri sana. Hawakumchukua. Kama unajua utamhamishia shule ya kawaida akifika miaka sita, hilo lipime mapema.

Kisiki
Naomba nimtetee baba Nuru. Awali ya serikali ni mwaka mmoja, mtoto anaingia na miaka mitano, haina ada. Mpaka hapo huyo binti anaosha vyombo na kupepeta mchele nyumbani, ambayo ndiyo Montessori yenyewe! Weka hiyo milioni na laki nane kwa miaka miwili, uje umtafutie shule nzuri ya msingi.

MamaNuru_Tabata
Kisiki, nimekuelewa, lakini mimi natoka saa kumi na moja alfajiri na dada ana mdogo wa binti yangu mgongoni. Nyumbani atashinda mbele ya runinga.

Bi_Mkubwa_Unguja
Mwanangu, mbona hamzitaji skuli za madrasa, zile chekechea za jamii ya Waislamu? Mpango ule ulianzia Mombasa miaka ya 1980, Bi Swafiya Said akiwa mkufunzi wa mwanzo, kwa msaada wa Aga Khan Foundation. Ukafika kwetu Zanzibar mwaka 1990, na Uganda 1993. Wametohoa mfumo wa HighScope wa Marekani: mtoto anasema leo atafanya nini, anakifanya, halafu anawasimulia wenzake alivyofanya. Vifaa ni vifuu, makombe ya pwani, vizibo na vitambaa, wazazi wenyewe wanavikusanya. Na Qur'ani anasoma papo hapo. Wajukuu zangu wamepita huko, tena ada yake ni nafuu. Msidhani kujifunza kwa mikono lazima kuje na vifaa vya bei mbaya.

MamaNuru_Tabata
Ahsante sana bibi, shikamoo. Huku kwangu sijaiona, nitaulizia.

Msomaji_Moro
Kwa anayetaka ushahidi: mwaka 2012 mtafiti Angeline Lillard alilinganisha Montessori iliyofuatwa kikamilifu, Montessori iliyochanganywa na vifaa vingine, na shule za kawaida huko Marekani. Waliosonga mbele zaidi ndani ya mwaka wa masomo ni wa ile kamili. Kwa hiyo swali la Mwalimu kuhusu bango ni zito kuliko linavyoonekana. Nusu Montessori ada utalipa kamili.

MamaNuru_Tabata
Nimerudi. Ile ya kwanza nimekaa mpaka saa nne. Rafu ziko wazi, rika zimechanganyika, mtoto mmoja kamwaga maji na kayafuta mwenyewe. Lakini baada ya uji wote wanakaa na vitabu vya kujaza, vya Kiingereza. Mkuu wa shule anasema wazazi ndio wanaotaka. Ya mtaani nilikuta watoto zaidi ya arobaini na mwalimu mmoja, wanakariri. Waldorf nimeiacha kwa ajili ya umbali.

MwalimuWaAwali
Umeona vizuri. Muulize kama wa miaka mitatu anaweza kusamehewa hivyo vitabu, wengi hukubali. Omba pia aanze herufi za msasa, zile za kupapasa kwa kidole, kwa sauti za Kiswahili. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa: akishajua sauti ya *m* na ya *a*, "mama" ameipata. Kwenye Kiingereza atavukia kwa urahisi baadaye, na huo usaili anaouogopa BabaWawili hautamtisha. Na kabla ya kulipa, hakikisha usajili: kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa Ustawi wa Jamii, darasa la awali Wizara ya Elimu.

MamaNuru_Tabata
Nitauliza yote mawili. Baba yake amekubali kwenda mwenyewe Alhamisi.

MwalimuWaAwali
Safi sana. Mwambie asizunguke akiwasalimia. Achague mtoto mmoja tu, amwangalie tangu anachukua kifaa rafuni mpaka anakirudisha, kisha ahesabu mara ngapi mwalimu amemkatiza.