Wageni wanataka kufuta safari ya Kilwa–Lindi–Mikindani kwa hofu ya mpakani. Niwajibu nini?

Mpangaji_Mikindani:
Wakuu, habari za jioni. Nina wageni wanne, Waingereza wawili na Wajerumani wawili, wamejipangia wenyewe safari ya siku tisa mwezi Septemba bila kupitia kampuni. Ratiba yao: Dar, Kilwa Masoko siku tatu, Lindi moja, Mikindani mbili, Msimbati mbili, kisha ndege kutoka Mtwara kurudi Dar. Gari watakodi na dereva. Mimi nawapa chumba hapa Mikindani na kuwaunganisha na watu wa mashua.

Juzi wameandika wamesoma tahadhari za serikali zao, wameona "Mtwara", "Msumbiji" na "ugaidi" katika aya moja. Mmoja akaniletea picha za matairi yanaungua barabarani, akauliza kama hali ndiyo hiyo. Sasa wanataka kuhamia Zanzibar.

Sitaki kuwadanganya na sitaki kuwapoteza. Niseme nini? Msimbati ibaki au iondoke? Na suala la bima likoje, maana ndilo wanalolirudia kila barua?

Mpima_Ramani:
Anza na zile picha, maana hapo ndipo kila kitu kinapochanganyika. Mtu akitafuta habari za kusini mtandaoni anakutana na mambo matatu yaliyorundikwa pamoja. Matairi yanayoungua karibu kwa hakika ni ya Mei 2013, vurugu za bomba la gesi pale Mtwara mjini. Ule ulikuwa ugomvi wa wananchi na serikali, hauhusiani na mpaka. Jambo la pili ni mauaji ya Kibiti na Rufiji ya 2016 na 2017, na kwa kuwa barabara ya kusini inapita Kibiti, jina lile linamshtua msomaji. La tatu ni vita vya Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, vilivyoanza Oktoba 2017 kule Mocímboa da Praia. Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa. Upande wetu, Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kando ya Ruvuma, kilivamiwa na watu waliovuka mto.

La tatu ndilo lililoandikiwa tahadhari. Waandikie hivyo, kwa miaka yake, bila kulificha. Mgeni akigundua mwenyewe Kitaya baada ya wewe kumwambia "hakuna kitu", hataamini tena hata bei ya chumba chako.

Sasa tahadhari yenyewe. Ya Uingereza inazungumzia ukanda: ndani ya kilomita 20 kutoka mpaka wa Tanzania na jimbo la Cabo Delgado, wanashauri mtu asiende isipokuwa kwa jambo la lazima. Haijafunga mkoa mzima. Wajerumani wasome ya wizara yao, maneno yanaweza kutofautiana. Na wote wasome toleo la siku ya kulipa nauli, kisha walisome tena wiki moja kabla ya kuondoka, kwa sababu hubadilika.

Chukua ramani ya simu, bonyeza na kushikilia juu ya Mto Ruvuma mahali palipo karibu zaidi na unakokwenda, chagua kupima umbali, vuta mstari. Pima mstari ulionyooka. Usifuate barabara, kwa sababu barabara inazunguka na itakupa namba kubwa ya kujifariji. Ukifanya hivyo utaona Kilwa Masoko iko zaidi ya kilomita 150 kaskazini ya mto. Lindi mjini, zaidi ya 50. Mtwara mjini na Mikindani ziko nje ya ukanda pia, ila si kwa mbali sana, kwa hiyo usiseme "mbali", sema namba. Msimbati iko ndani. Mdomo wa Ruvuma uko kilomita kumi na kitu tu kutoka pale. Kilambo na Kitaya zimo ndani bila kupima. Wakitaka kupanda Newala kuona bonde la Ruvuma kutoka ukingoni, pima kabla ya kuahidi.

Kusini_Hoyee:
Yaani tupimiane rula na wazungu? Novemba 2015 Paris walikufa watu zaidi ya mia kwa usiku mmoja, nani aliambiwa asiende Ufaransa yote? Huku kusini watu wanalala milango wazi. Waambie waje wale pweza na ming'oko, hofu itaisha wenyewe wakifika.

Mpima_Ramani:
Hoja ya Paris ni ya kweli na haimsaidii mwenzetu. Tahadhari haipimi ukarimu wa watu. Serikali inaangalia pia kama ina uwezo wa kumfikia raia wake akikwama, na Paris wana ubalozi, hospitali na treni. Hilo ndilo linalotuumiza kusini: tuko mbali na kila kitu wanachokitegemea, basi jambo dogo linaandikwa kwa wino mzito. Kulalamika ni haki, lakini mgeni anaangalia karatasi yake ya bima.

Dada_wa_Bima:
Na karatasi hiyo ndiyo nijibu mimi.

Bima nyingi za safari za Uingereza zinakatika mtu akienda mahali ambapo wizara yao imeshauri asiende. Na hazikatiki kwa tukio la ugaidi peke yake. Mgeni akivunjika mguu kwa kuteleza Msimbati, mahali hapohapo pameandikwa, kampuni inaweza kukataa gharama za hospitali na za ndege ya kumsafirisha. Gharama ya kumsafirisha mgonjwa kwa ndege ndiyo inayofilisi watu. Kwa hiyo wageni wako hawaogopi bunduki tu, wanaogopa hati ya madai.

Wawaandikie kampuni yao ya bima kwa barua pepe, wasipige simu, wapate jibu la maandishi kwa maswali haya: Je, bima inafanya kazi Mtwara mjini na Mikindani kwa tahadhari ilivyo leo? Tahadhari ikibadilika wakiwa tayari wako huko, wanapewa muda gani wa kuondoka kabla kinga haijakatika? Ikibadilika kabla hawajaondoka kwao, wanarudishiwa fedha walizolipa? Wengi husahau swali la kati, nalo ndilo lenye uzito.

Kuna tofauti nyingine ambayo wenye vyumba hatuielewi. Aliyenunua safari nzima kwa kampuni huko kwao, serikali ikitoa onyo, kwa kawaida kampuni humrudishia fedha. Aliyejipangia mwenyewe kama hawa wako hana wa kumrudishia. Kila chumba, kila gari, ni mkataba wake peke yake. Ndiyo sababu watu wa aina hii hufuta mapema: wanaona watapoteza vyote kwa mpigo. Punguza hofu hiyo kwa masharti. Chukua amana ya asilimia 20, si nusu. Andika wazi: tahadhari rasmi ya nchi yenu ikipanuka ikafika mahali chumba kilipo, amana inahamishwa kwa tarehe nyingine ndani ya miezi 12, au inarudi. Mkibadilisha mawazo tu, hairudi. Mwombe mwenye gari na mwenye mashua waandike hivyohivyo. Sentensi mbili hizo zinaokoa wageni wengi kuliko picha za ufukwe.

Kuhusu Msimbati nashauri uiondoe katika ratiba wewe mwenyewe, kabla hawajakuomba. Watakuamini kwa yale mengine yote. Siku hizo mbili zigawe: moja iende Lindi, moja ibaki Mikindani. Kuna kivuko cha kwenda Msanga Mkuu ng'ambo ya bandari ya Mtwara, ni dakika chache majini na ufukwe upo. Lindi nako kuna kivuko cha Kitunda. Boma la Mjerumani hapo kwenu Mikindani lina historia ya kutosha asubuhi nzima, na Livingstone alianzia hapo safari yake ya 1866, jambo ambalo Waingereza hulipenda. Wajerumani nao wasimulie Tendaguru wakiwa Lindi: mifupa ya dinosaria mkubwa aliyesimama makumbusho ya Berlin ilichimbwa huko kati ya 1909 na 1913. Kumpigia picha mgeni akiwa Lindi ukamwambia "yule wa Berlin ni wa hapa" inatosha, hata bila kufika kilimani.

Suka_wa_Kusini:
Naona mnaongea mpaka tu. Kwa mtu anayekuja na gari, kitakachomdhuru ni barabara, na hiyo haimo kwenye hofu zake.

Dar hadi Nangurukuru ni takriban kilomita 300, hapo unakunja kushoto kwenda Masoko. Tenga muda wa saa sita za njiani na ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Usikubali mpango wowote wa kufika baada ya magharibi. Sababu ni hii: lori likiharibika, utingo anakata matawi ya miti na kuyapanga barabarani nyuma ya lori kama onyo. Mchana unayaona mita mia mbili. Usiku majani hayaakisi taa, na lori lenyewe mara nyingi halina taa nyuma. Ukiyaona matawi umeshayakanyaga. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, malori yanaongezeka, na vyumba vya kulala wageni Masasi, Newala na hata Mtwara vinajaa wanunuzi. Septemba ni afadhali.

Mafuta: jaza Ikwiriri, jaza tena Nangurukuru, usisubiri taa iwake. Vijijini mwendo ni 50 na trafiki wana kamera, dereva asije akasema hakujua. Daraja la Mkapa pale Rufiji wageni watataka kupiga picha. Madaraja, bandari, kambi na mitambo ya gesi simu zikae mfukoni. Droni waiache kwao kama hawana kibali.

Mvua za huku ni Desemba hadi Aprili, kwa hiyo Septemba barabara ni kavu. Lakini mtu akiuliza kuhusu mwezi mwingine, mkumbushe Mei 2024: baada ya kimbunga Hidaya barabara ilikatika maeneo ya Somanga, mabasi na malori yakakwama siku kadhaa. Njia ya kuzunguka ipo, Iringa, Songea, Tunduru, Masasi, ila ni ndefu kiasi kwamba afadhali kungoja. Ndiyo maana mgeni mwenye ndege ya kimataifa awe amerudi Dar siku mbili kabla, asirudi siku hiyohiyo.

Halafu kitabu cha wageni. Kila nyumba ya kulala wageni ataandika jina, pasipoti, anakotoka, anakokwenda. Wakiona polisi wanakuja kukisoma usiku wasidhani kuna hatari, ni utaratibu. Waelezwe mapema, maana mtu mwenye hofu akigongewa mlango saa tatu usiku atatafsiri vingine.

Mpangaji_Mikindani:
Asanteni sana. Nimepima, kweli Msimbati imo ndani. Naiondoa. Barua naiandika usiku huu kwa miaka na kilomita kama alivyosema Mpima_Ramani, na masharti ya dada nayaweka chini.

Swali la mwisho: ile siku ya ziada wameshaniomba iende Kilwa badala ya Lindi, wafike Songo Mnara. Mashua niwapangie saa ngapi? Na wameuliza Kilwa kama ni salama, mmoja amesoma iko kwenye "orodha ya hatari".

Nahodha_Pwani:
Orodha hiyo inahusu mawe, haihusu watu! Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004 kwa sababu kuta zilikuwa zinabomoka na bahari inakula ukingo, yakaondolewa 2014 baada ya ukarabati. Mwambie hivyo, atacheka.

Saa ya mashua inategemea mwezi, na hapa wapangaji wengi hukosea kwa kuandika "saa mbili asubuhi" kila siku. Siku za bamvu, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi na hukupwa kwenye saa nne asubuhi. Ukiondoka Masoko saa mbili unafika Songo Mnara maji yamekauka kabisa, mashua inakwama nje, na mgeni anashuka kwenye tope la mikoko hadi magotini. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji yanajaa kwenye saa nne au tano asubuhi, unaingia vizuri. Basi angalia kalenda ya mwezi kwanza, ndipo upange ni siku ipi ya Songo Mnara na ipi ya Kisiwani. Kisiwani ni karibu, nusu saa hivi kwa tanga, hata bamvu haisumbui sana.

Septemba kusi, upepo wa kutoka kusini, limeanza kulegea lakini mchana bado linavuma. Songo Mnara mwende kwa mashua ya injini, asubuhi, na kurudi kabla ya saa nane. Kibali cha magofu kichukuliwe Masoko kabla ya kupanda. Kabla ya kulipa, hesabu maboya kwa macho yako: manne ya wageni, la mwongozaji, la nahodha na la msaidizi wake. Uyaone yote saba yakiwa na kamba za kufungia, maana mara nyingi yapo matatu na mengine "yanakuja". Uliza pia kama kuna kasia au tanga la akiba, injini ikizima katikati ya mkondo ndiyo pona yenu.

Na wavae raba za kufunga kamba. Ndala tope linazimeza, na chini kuna chaza wanaokata nyayo kama kiwembe.