Ushauri: nifundisheje vitenzi vya Kiingereza pamoja na maneno yanayovifuata?

MwalimuPasua (Moshi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina darasa la jioni la wapagazi wanaojiandaa kuwa waongoza watalii wa Mlima Kilimanjaro. Msamiati wanao, na matamshi yao yanaeleweka. Wanakwama pale kitenzi kinapotakiwa kufuatwa na shamirisho na kitenzi cha pili. Husema "I want that you drink water", "I suggest you to rest", "Explain me the problem" na "The cold made him to turn back", na nikiwasahihisha leo, kesho makosa ni yaleyale. Vitabu nilivyonavyo vina orodha ndefu ya vitenzi vinavyofuatwa na "to" na nyingine ya vinavyofuatwa na umbo la "-ing". Wanazikariri, lakini wakisimama mbele ya mgeni haziwafai kitu. Je, ipo kanuni moja inayotawala jambo hili, na nianzie wapi?

BibiNjiro (Arusha)

Mwalimu, kanuni moja haipo, na ni vema wanafunzi wakaambiwa hivyo mapema ili wasipoteze muda kuitafuta. Hata hivyo, makosa uliyoyataja yana chimbuko lake katika Kiswahili. Tunaposema "nataka unywe maji", kitenzi cha pili kinabeba nafsi yake chenyewe, kwa hiyo mwanafunzi anatafuta mahali pa kuiweka nafsi hiyo na anaishia kwenye "that you drink". Kiingereza humfanya "you" kuwa shamirisho la "want", ndipo "to drink" ifuate: "I want you to drink water".

Sasa tazama "suggest". Hicho hakikubali mtu pamoja na "to". Husemwa "I suggest that you rest" au "I suggest resting". Muundo wa "napendekeza upumzike" unafaa hapa bila taabu, maana yake wanafunzi wako wanaijua miundo yote miwili, ila wamempa "want" muundo wa "suggest", na "suggest" muundo wa "want". Ningewafundisha vitenzi hivyo viwili katika kipindi kimoja, na "advise" kando yake, kwa kuwa "I advise you to rest" ni sahihi ingawa maana inakaribiana sana na "suggest".

Kuhusu "explain me", kauli yetu ya kutendea ndiyo inayowapotosha. Katika "nifafanulie tatizo" mtu anayefafanuliwa amekaa ndani ya kitenzi, lakini "explain" hakina nafasi hiyo, hivyo ni lazima useme "explain the problem to me". "Tell" na "show" wanayo nafasi hiyo.

Mpagazi_wa_Marangu

Mwalimu, mimi nilipita darasa kama lako na sasa naongoza wageni. Naomba uanze na "stop", kwa sababu kosa lake huko juu linaweza kumdhuru mtu. Kiongozi akiwaambia wageni "We will stop drinking water here" wakati alikusudia "We will stop to drink water here", amewakataza maji watu waliochoka, wanaoelekea kilele cha mita 5,895. Vilevile "Remember to take your tablets" ni agizo la kumeza vidonge, ilhali "Do you remember taking your tablets?" ni swali kama mgeni anakumbuka kwamba alishavimeza. Sentensi za namna hii wanafunzi hawazisahau, kwa kuwa wanazihitaji kesho yake njiani.

MwalimuPasua (Moshi)

Nawashukuru sana. Nitaanza na "stop" na "remember", kisha "want" na "suggest" kwa pamoja. Bado "make" inanisumbua, kwa kuwa mwanafunzi mmoja ameniletea sentensi "He was made to turn back" iliyoandikwa na mgeni, akauliza kwa nini "to" ipo hapo nami nimewakataza kuitumia.

BibiNjiro (Arusha)

Mwanafunzi huyo ana jicho kali, na mgeni yuko sahihi. "Make" ikiwa katika kauli ya kutenda haichukui "to": "The cold made him turn back". Ikiingia kauli ya kutendwa, "to" inarudi. "Let" nayo haichukui "to", lakini katika kauli ya kutendwa kwa kawaida hutumika "allow" badala yake: "He was allowed to turn back". "Help" katika kauli ya kutenda inakubali kuwa na "to" au kutokuwa nayo, kwa hiyo usimkosoe mtu hapo.

Wanunulie pia kamusi ya wanafunzi. A. S. Hornby, aliyekuwa akifundisha Japani, alitoa mwaka 1942 kamusi iliyopanga vitenzi katika miundo 25, na kamusi za wanafunzi hadi leo huonyesha kila kitenzi kinafuatwa na nini. Anayetafuta "suggest" asiishie kwenye maana, asome na mfano wa sentensi.

Ukipata nafasi, ongeza "see", kwa ajili ya taarifa za ajali: "I saw him fall" ina maana kwamba kiongozi aliona tukio lote hadi mwisho, na "I saw him falling" kwamba aliliona likiendelea.