Naomba ushauri: maoni ya majaji waliopinga yana uzito gani?

Ndugu wapendwa, ninasomea sheria hapa Bukavu, na kazi yangu ya kumaliza masomo inahusu kesi za haki za binadamu zinazogusa tiba na uhai. Katika kesi ya Lambert dhidi ya Ufaransa, iliyoamuliwa na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, tarehe 5 Juni 2015, majaji 12 waliona kwamba kusitisha lishe na maji ya mgonjwa asiyejitambua hakukiuki haki ya kuishi, lakini 5 walipinga kwa maandishi makali ambayo, nakiri, yalinigusa kuliko hukumu yenyewe. Mwalimu anayenisimamia anasema maoni hayo hayamfungi mtu. Mimi naona yanahifadhi hoja ambazo mahakama nyingine, hata ile ya Afrika ya haki za binadamu iliyoko Arusha, yaweza kuzifufua. Je, niyape sura nzima?