Jibu: Kitambulisho chenye nyota kwa ndege za ndani ya Marekani

Kutoka: Lexington, Kentucky

Shikamooni wakubwa. Kuna familia tatu hapa kwetu zinataka kupanda ndege kwenda harusini Texas. Baadhi yao wana kadi ya kijani, wengine kibali cha kazi, wengine leseni ya kawaida isiyo na nyota. Je, kila mmoja lazima akatafute REAL ID, yaani leseni au kitambulisho cha jimbo chenye nyota? Na ofisi ya leseni inataka karatasi gani hasa?

Kutoka: Columbus, Ohio

Marahaba. Kwanza watulie, kwa sababu si kila mtu anaihitaji. Sheria ya REAL ID ni ya mwaka 2005, utekelezaji ukaahirishwa mara kadhaa, na TSA, idara ya usalama inayokagua abiria viwanja vya ndege, ikaanza rasmi tarehe 7 Mei 2025. Inahusu leseni au kitambulisho kinachotolewa na jimbo: ukitaka kukitumia kupandia ndege ya ndani, lazima kiwe na nyota juu, upande wa kulia. California nyota imo ndani ya dubu. Zile leseni maalumu za Washington, Michigan, Minnesota, New York na Vermont zina bendera badala ya nyota, nazo zinakubalika.

Lakini TSA inakubali pia pasipoti ya nchi yoyote, kadi ya kijani, na kibali cha kazi cha I-766. Kwa hiyo mwenye pasipoti hai ya Kenya, Tanzania au Kongo anapita nayo, hata kama leseni yake haina nyota. Kitambulisho cha taifa cha nyumbani hakipiti, wala kadi ya mpiga kura. Watoto chini ya miaka 18 wanaosafiri ndani ya nchi na mtu mzima hawadaiwi kitambulisho na TSA.

Asiye na chochote kati ya hivyo, tangu tarehe 1 Februari 2026 TSA inatoza dola 45 kuthibitisha utambulisho wake kwa njia nyingine, na malipo hayo yanatumika kwa siku 10. Kulipa si hakikisho la kupita: wakishindwa kumthibitisha, haruki.

Karatasi za ofisi ya leseni (iitwe DMV, BMV au jina lingine) ni za mafungu matatu: utambulisho pamoja na uhalali wa kuwepo nchini, namba ya Social Security (hifadhi ya jamii), na makazi. Fungu la kwanza kwa asiye raia ni kadi ya kijani, au I-766, au pasipoti ya nje yenye viza hai pamoja na I-94, yaani rekodi ya kuingia nchini. Hiyo I-94 inapakuliwa bure kwenye tovuti ya forodha ya CBP, hakuna haja ya kumlipa mtu. La pili, majimbo mengine yanataka uonyeshe kadi yenyewe au fomu ya W-2 (ya mishahara ya mwaka kutoka kwa mwajiri), mengine yanatosheka na namba. Karatasi inayoonyesha tarakimu nne za mwisho tu haikubaliki.

Fungu la tatu ndilo linalorudisha watu nyumbani. Wanataka hati mbili tofauti zenye jina lako na anwani ya mtaa unapoishi. Sanduku la posta halihesabiki. Nyumba ikiwa na watu wazima wanne na bili ya umeme ni ya mmoja, watatu waliobaki hawana kitu mkononi. Anzeni mapema: taarifa ya benki, karatasi ya mshahara, barua ya bima ya afya, mkataba wa pango ulioandika majina ya wote. Tazameni tovuti ya jimbo lenu kuhusu umri wa hati, maana majimbo mengi hayapokei bili ya zamani.

Kutoka: Grand Rapids, Michigan

Dada wa Columbus amesema yote kuhusu makazi. Mimi naongeza jambo la majina, kwa ndugu zetu wa Kongo hasa, maana hapa ndipo maombi mengi yanapokwama.

Mkongo ana nom (jina la ukoo), postnom (jina linalofuata la ukoo) na prénom (jina la ubatizo). Fomu za Marekani hazina nafasi ya postnom, basi karani mmoja anaiweka kama jina la kati, mwingine anaiunganisha na jina la ukoo, wa tatu anaiacha. Mtu anajikuta na kadi ya kijani yenye mpangilio mmoja na Social Security yenye mpangilio mwingine. Ofisi ya leseni inalinganisha namba yako na rekodi za Social Security kwa kompyuta, na uhamiaji kupitia mfumo uitwao SAVE. Majina yakitofautiana, jibu linaweza kurudi kwamba hayalingani.

Njia ya kurekebisha ina mpangilio wake. Ikiwa kosa liko kwenye kadi ya uhamiaji, anzia huko. Ikiwa kadi ni sahihi, nenda Social Security nayo, wabadilishe rekodi, subiri siku mbili hivi mifumo isomane, ndipo uende ofisi ya leseni. Ukianzia leseni unarudi mikono mitupu.

Mama aliyebadilisha jina kwa ndoa aonyeshe mnyororo mzima: jina alilozaliwa nalo, cheti cha ndoa cha serikali, na hukumu ya talaka kama alibadilisha tena. Cheti cha Kifaransa au Kiswahili kiambatane na tafsiri iliyothibitishwa. Na tiketi ya ndege ikatwe kwa jina lililo kwenye kitambulisho atakachobeba, si jina la nyumbani.

SAVE ikishindwa kujibu papo hapo, karani atatuma ombi la uhakiki wa ziada. Msiondoke dirishani bila namba ya kesi: kwa namba hiyo mnafuatilia wenyewe kwenye tovuti ya SAVE CaseCheck. Inaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa.

Kutoka: Lexington, Kentucky

Asanteni sana. Wawili kati yao kesi zao za hifadhi ya ukimbizi bado hazijaamuliwa. Na dada mmoja anauliza kuhusu hijabu kwenye picha.

Kutoka: Columbus, Ohio

Hijabu ya dini inaruhusiwa, uso wote uonekane kuanzia kidevu hadi paji, bila kivuli.

Wenye kesi ya hifadhi sheria inawaruhusu, ila kadi yao ni ya muda na inaisha pamoja na uhalali wa hati waliyoonyesha. Kibali cha kazi kikihuishwa, kadi nayo ihuishwe. Kabla ya kukata tiketi wazungumze kwanza na wakili wao wa uhamiaji.

Karatasi ya muda anayokupa karani haikubaliki uwanja wa ndege. Kadi yenyewe huja kwa posta, na majimbo mengi hayairuhusu posta kuihamishia anwani mpya, kwa hiyo bandikeni jina kwenye sanduku la barua. Harusi ikiwa karibu kuliko kadi, bebeni pasipoti.