Kanivali ya Rio 2027: tuko watano, mabegi mgongoni, tunatokea Kisumu. Tuanzie wapi?

mwana_wa_dunga

Wakuu, salamu kutoka kando ya ziwa. Tuko watano, wasichana watatu na wavulana wawili. Wanne tuko Kisumu, mmoja yuko Nakuru. Chama chetu kinachangia kanivali ya Rio de Janeiro mwaka 2027. Tutabeba mabegi ya mgongoni, tutalala vyumba vya vitanda vingi, na chakula cha kibandani hakitusumbui.

Maswali ni matatu. Makaratasi tuanze lini? Tiketi gani ya Sambódromo, ule uwanja wa maandamano ya samba, inalipa kwa bei yake? Na watu watano wanakaaje pamoja katika umati ule bila kupotezana wala kuibiwa? Tafadhali msituambie "Mungu awatangulie" halafu mkanyamaza.

---

karani_wa_safari

Kalenda kwanza, maana ndiyo inayoburuta mengine yote. Kanivali haina tarehe ya kudumu, inafuata Pasaka. Jumatano ya Majivu huwa siku 46 kabla ya Pasaka, na kanivali ni kuanzia Ijumaa hadi Jumanne inayotangulia Majivu. Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi. Hesabu nyuma: Majivu 10 Februari, kanivali 5 hadi 9 Februari. Mkikawia mpaka 2028, Jumanne ya mwisho itakuwa 29 Februari. Kuna watu hukata tiketi ya ndege kwa kukumbuka tarehe za mwaka uliopita, wakafika mji umeshafagiwa.

Pasipoti: mnaomba kwenye eCitizen, alama za vidole mnapigwa Kisumu, na mwenzenu ana ofisi hukohuko Nakuru. Hakikisheni imebaki na muda wa zaidi ya miezi sita tangu siku ya safari.

Viza: pasipoti ya Kenya inahitaji viza ya Brazil. Fomu inajazwa mtandaoni, makaratasi yanapelekwa ubalozi wa Brazil, Nairobi. Hapa ndipo vikundi vya chama hukwama. Hela ikiwa yote iko kwa mweka hazina, au kwenye simu yake, wale wengine wanne wanaonekana hawana kitu. Ubalozi haujui chama, unaangalia mtu mmoja mmoja. Kila mtu awekewe mgao wake kwenye akaunti yake ya benki miezi kadhaa mapema. Ukiweka laki mbili Jumatatu ukachapisha taarifa ya benki Jumanne, umejitafutia maswali.

Chanjo ya homa ya manjano: mchome angalau siku 10 kabla ya kuondoka. Kadi haiishi muda, inatumika maisha yote. Ibebeni kwenye mfuko wa karibu na pasipoti. Hata kama hakuna atakayewauliza kule, mnaporudi Kenya mnatoka nchi yenye homa hiyo, na kadi inaweza kutakiwa hapo hapo uwanjani.

Njia: Nairobi, Addis Ababa, São Paulo kwa Ethiopian. Kutoka São Paulo shukeni kwa basi. Kituo kinaitwa Tietê, mnafikia Novo Rio, ni kama kilomita 430 na saa sita hivi barabarani, karibu sawa na Kisumu hadi Nairobi siku lori halijaziba njia. Msipange kupanda basi hilo Ijumaa ya kanivali, kwa sababu nusu ya São Paulo nayo inashuka siku hiyo. Fikeni Rio Jumatano.

Malazi: hosteli nyingi haziuzi usiku mmoja mmoja wiki hiyo. Wanauza furushi la siku nne au tano kwa bei iliyoruka. Agosti au Septemba iwe imelipwa. Tafuteni mitaa ya Glória, Catete, Flamengo au Botafogo, yote iko kwenye reli ya metro. Santa Teresa ni pazuri kwa picha lakini ni kilima na metro haifiki. Mtu mwenye begi la kilo kumi na mbili atajuta.

---

goma_la_milimani

Niongezee swali la pili, maana watu wengi hulipa ghali wakaona mgongo wa mtu.

Kwanza mjue mnatazama nini. Shule za samba, yaani vikundi vya mitaa vya ngoma na dansi, zina ligi, na timu hushuka na kupanda daraja kama ilivyo kwenye soka. Mangueira, Portela, Salgueiro, Beija-Flor: kila moja ina mtaa wake na mashabiki wake, na ushabiki wenyewe ni kama wa Gor na Ingwe. Ijumaa na Jumamosi hupita daraja la pili. Jumapili, Jumatatu na Jumanne hupita daraja la kwanza, shule 12. Tangu 2025 wamezigawa nne kila usiku. Zamani zilikuwa sita kwa usiku mmoja na watu walitoka jua limechomoza. Matokeo hutangazwa Jumatano ya Majivu, halafu Jumamosi inayofuata, kwenu itakuwa tarehe 13, zile sita bora hurudi kupita tena bila presha ya waamuzi. Usiku huo wa washindi na usiku wa daraja la pili ni nafuu kuliko Jumapili na Jumatatu. Kwa bajeti yenu ningechagua washindi: mnaona bora tupu, na mji umepungua watu.

Uwanja wenyewe, yaani Sambódromo ya Marquês de Sapucaí, ulichorwa na Oscar Niemeyer na kufunguliwa 1984. Ni barabara ya mita 700 hivi yenye majukwaa pande zote mbili. Majukwaa yamegawanywa kwa sekta zenye namba: witiri upande mmoja, shufwa upande wa pili. Hili si jambo dogo, kwa sababu ndani huwezi kukatiza barabara. Wawili wakinunua sekta 5 na watatu sekta 4, mtapungiana mikono usiku kucha. Na metro pia inagawanyika: sekta za witiri mnashuka Central, za shufwa mnashuka Praça Onze. Mkishuka kituo kisicho chenu ni mzunguko mrefu kwenye msongamano.

Sekta 9 ina viti vya namba na imewalenga watalii, bei ndiyo hiyo mtakayoiona. Sekta 12 na 13 ziko mwisho kabisa na ndizo za bei ya chini. Shule inafika hapo imechoka na inaanza kufumuka. Katikati, 5 na 7, ndipo shule inapita ikiwa imekaza. Lakini chaguo langu ni 11. Kati ya 9 na 11 kuna uchochoro ambamo kikosi cha ngoma, wao wanaita bateria, huingia na kusimama huku shule ikiendelea kupita. Wapiga ngoma 250 au zaidi wanakupigia mbele ya uso wako kwa muda mrefu. Akina sisi tuliokulia kwenye ngoma hatuhitaji maelezo zaidi.

Makosa ya kawaida: kutobeba kitu cha kukalia (jukwaa ni zege tupu na nafasi hazina namba, kwa hiyo fikeni mapema), kubeba mwavuli badala ya koti la mvua la plastiki, maana hakuna paa na mwavuli unamziba aliye nyuma, kubeba chupa ya glasi, haipiti mlangoni. Kila shule inatumia dakika 70 hadi 80 na kuna mapumziko katikati, kwa hiyo kuleni kabla. Tiketi za mkononi za watu wa barabarani msiguse.

---

mwana_wa_dunga

Asante sana mkuu, hiyo ya witiri na shufwa imetuokoa. Na hela ya tiketi isipotosha?

---

goma_la_milimani

Wikendi za kabla ya kanivali shule huja uwanjani huohuo kufanya mazoezi ya mwisho, na kuingia ni bure. Hakuna magari makubwa ya mapambo wala mavazi kamili, lakini ngoma na kuimba ni vilevile. Mkitua wiki moja au mbili mapema mnapata haya na malazi ya bei ya kawaida. Baada ya hapo mitaani hakuna tiketi kabisa.

Mkisikia kuna kununua vazi na kupita pamoja na shule, ni kweli, linauzwa. Ila mjue mnaingia kwenye mashindano ya watu. Lazima ujue wimbo wa shule wa mwaka huo, vazi ni zito, unasubiri kwa saa nyingi pembeni ya Avenida Presidente Vargas, na kofia au kiatu kikikudondoka shule inaweza kukatwa alama. Kama hamna nia ya kukariri wimbo wa Kireno, kaeni jukwaani.

---

kanga_ya_nyamasaria

Swali la tatu ni langu.

Sherehe za mitaani wanaziita bloko. Kuna gari la muziki au bendi ya miguu, umati unaifuata. Nyingi huanza asubuhi, nyingine saa moja au saa mbili, na ile kubwa ya katikati ya mji, Cordão da Bola Preta, ipo tangu 1918 na hutoka Jumamosi asubuhi. Ile msianze nayo. Siku ya kwanza chagueni ndogo ya mtaani mjifunze mwendo.

Watano hawawezi kutembea kama kitu kimoja. Jigaweni wawili na watatu, na kila kikundi kiwe na mtu mmoja asiyekunywa siku hiyo. Mahali pa kukutana pasiwe gari la muziki, kwa sababu gari linatembea. Pasiwe kwenye mlango wa metro pia, unaweza kufungwa umati ukizidi. Chagueni kitu kisichohama, duka la dawa au kona ya kanisa, *nyuma* ya mwelekeo wa umati, kwa maana kurudi kinyume na watu elfu ishirini hakuwezekani. Utapita mtaa wa pembeni. Wekeni saa: kila baada ya saa mbili wote wanafika hapo, hata kama simu zinafanya kazi. Mtandao huzidiwa na umati, msiutegemee.

Simu: moja kwa kila kikundi, kwenye pochi ya kiunoni iliyo ndani ya nguo. Zingine zibaki kabatini kwa kufuli. Kabla ya safari bonyezeni *#06#, andikeni namba ya utambulisho (IMEI) ya kila simu kwenye karatasi. Laini nayo iwekewe PIN, la sivyo mwizi anaitoa na kuanza kupokea ujumbe wa benki yako.

Pesa: M-Pesa haiwafai pale. Wabrazili wana Pix, ilianza Novemba 2020 na kila muuza maji anaitumia, lakini inaenda na akaunti ya benki ya kwao. Nyinyi mtatumia kadi na noti kidogo. Ujanja wa kadi ni wa aina mbili. Mmoja, anaongeza sifuri kwenye mashine, halafu kioo "kimeharibika". Huoni kiasi, hulipi. Wa pili, anaipokea kadi yako na kukurudishia nyingine ya rangi hiyohiyo. Kadi isitoke mkononi mwako, iguse wewe mwenyewe. Kila mtu awe na kadi ya pili iliyolala hosteli.

Viatu vya kufunika vidole, hata kama joto linapita nyuzi 35. Chini kuna makopo na vioo. Mafuta ya jua pia. Ngozi yetu inaungua, inachelewa tu kusema. Bia yao ya mtaani ni kopo la mililita 473, na kuna caipirinha yenye pombe kali ya miwa, tamu kama juisi. Kila kopo lifuatwe na maji. Kukojoa barabarani kuna faini, tafuteni vyoo vya plastiki mapema kabla hamjabanwa.

Kwa wasichana: jifunzeni *não é não*, "hapana ni hapana". Mtaiona kwenye vibandiko, kila mtu anaijua, na ukiisema kwa sauti watu wa karibu wanageuka. Polisi ni 190, gari la wagonjwa 192.

---

usenge_mpaka_bahia

Mbona mmewafungia Rio tu? Mtu wa Nyanza anayependa ngoma angeenda Salvador, Bahia. Kanivali yao huanza Alhamisi, kwa hiyo 2027 ni 4 Februari. Haina uwanja. Magari makubwa ya muziki, trio elétrico, yalibuniwa huko mwaka 1950 na Dodô na Osmar, na njia kuu mbili zimepewa majina yao: Dodô ni Barra hadi Ondina pembeni ya bahari, Osmar ni Campo Grande. Kuna namna mbili za kufuata gari. Unanunua fulana inayoitwa abadá na unaingia ndani ya kamba, au unabaki nje ya kamba bure, na huko nje kunaitwa pipoka, yaani bisi, kwa jinsi watu wanavyorukaruka. Kwa bajeti ya vitanda vingi, pipoka inatosha.

Ilê Aiyê, kikundi cha kwanza cha kanivali kilichoinua Uafrika waziwazi, kilianza 1974 mtaa wa Liberdade. Olodum wakafuata 1979. Mkiwasikia hao mtasahau sekta 11.

---

karani_wa_safari

Nakubali nusu. Salvador ni nafuu kwa kutazama, na pipoka ndipo mifuko inapokatwa zaidi kuliko popote, kwa hiyo maneno ya dada hapo juu yazidishwe mara mbili. Kisichowezekana ni kufanya miji yote miwili ndani ya siku tano. Rio hadi Salvador kwa basi ni zaidi ya siku nzima, na ndege wiki hiyo bei zake hazisemeki. Mchague mmoja. Au mfanye Salvador tarehe 4 hadi 9, mshuke Rio kwa usiku wa washindi tarehe 13.

Jambo la mwisho, la saa. Tiketi ikisema 22:00 ni saa nne usiku ya kule. Rio iko nyuma yetu kwa saa sita, na saa ya Kiswahili nayo inasoma nyuma kwa sita, kwa hiyo mshale ni mmoja: simu ikionyesha 4:00 ya alasiri ya kule, mama Kisumu anasema saa nne usiku na pengine ameshalala. Pigeni asubuhi ya kule.

Na huyo wa Nakuru asije Kisumu kuwasubiri. Basi la Nairobi la kupitia Kericho linapita kwake, akatieni kiti mumchukue njiani, na muondoke siku moja kabla ya ndege.